Kitabu Kilichopimwa Mtaa Mzima

Nachapa vitabu. Nachapa pia risiti, kalenda na kadi za harusi, na hizo ndizo zinazonilisha, lakini mtu akiniuliza kazi yangu namjibu kuwa nachapa vitabu, kwa sababu kila mtu ana haki ya kujisifu kidogo. Chumba changu kiko nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Kina mashine ya kuchapia, mashine ya kukatia karatasi ambayo ilishakula ncha ya kidole changu kimoja, sufuria ya gundi, kompyuta, na kiti cha mteja. Kiti hicho ni kigumu kwa makusudi.

Wateja wangu wabaya kuliko wote ni waandishi wapya. Mwandishi mpya huja na flashi mkononi na picha yake mfukoni. Picha ni ya kuweka kwenye jalada. Namwambia jalada ni mlango wa duka, na hakuna anayeingia dukani kwa sababu mwenye duka kabandika uso wake mlangoni, labda awe mzuri sana. Hapo huniangalia aone kama namtania. Simtanii. Kisha anataka nakala za kujaza chumba, nami namwambia achape chache, akiziuza arudi, mashine yangu haihami. Namwuliza nani amekisoma kitabu. Anasema mke wake amekisoma na amelia. Mke wa mtu hulia kwa sababu nyingi. Namwambia ndugu zako watakuvika kilemba cha ukoka, utoke nacho barabarani uchekwe. Tafuta mtu asiyekupenda, anayeijua lugha, umlipe, akisome kwa jicho la ukali. Nyani haoni kundule, na mwandishi haoni kwamba shujaa wake alikufa sura ya tatu na sura ya saba anaoga.

Nimeyasema haya miaka mingi na sijamwona aliyeyafuata yote. Kila mmoja hukosea kwa namna iliyozoeleka, nami nimeshazoea kuudhika kwa namna iliyozoeleka. Aliyekosea kwa namna mpya kabisa, ambayo sikuwahi kuiona wala sikuwa na ushauri wake, ni Mama Pindo.

Mama Pindo ni fundi wa nguo. Hana mtoto anayeitwa Pindo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa nguo ikishamalizika na mwenyewe keshanyoosha mkono kuipokea, yeye huirudisha mapajani, akalifumua pindo na kulishona upya, huku mteja amesimama kama mtu aliyenyimwa chenji. Anashonea barazani, ng'ambo ya barabara kutoka kwangu. Watoto wake wamekua na wana kazi zao, na kila mwezi humpigia simu kumwomba apumzike. Yeye huwajibu kuwa anapumzika, huku cherehani ikisikika nyuma ya sauti yake.

Siku alipokuja kwangu alikuwa amebeba mzigo kwapani. Niliudhani ni kitambaa. Zilikuwa karatasi za kahawia, zile kubwa anazochorea mikato ya nguo kabla ya kukata, amezikunja moja moja kama mikeka na kuzifunga kwa vipande vya kitambaa. Upande mmoja ulikuwa na michoro ya mikono na migongo ya watu. Upande wa pili alikuwa ameandika, kwa penseli, mwandiko mdogo usiopanda wala kushuka.

"Nataka kitabu," akasema.

"Cha nini?"

"Cha watu."

Nikamweleza, kama ninavyowaeleza wote, kwamba kuchapa kwa gharama yako mwenyewe si kazi ya kuingia kwa papara. Nikamwambia habari ya picha ya jalada. Akasema hana picha na hataki. Nikamwambia achape chache. Akasema chache zinamtosha. Nikakosa la kugombana naye, jambo ambalo halinitokei, nikamwambia aziache karatasi nitaangalia.

Nilianza kuzipiga chapa kwenye kompyuta bila hamu yoyote. Kila karatasi ilikuwa sura moja, na kila sura ilikuwa mtu mmoja ambaye Mama Pindo aliwahi kumshonea nguo. Hakuwataja kwa majina, maana si mjinga. Aliwaita kwa vitambaa. Kulikuwa na Bwana Kaki, Bibi Hariri, Kijana Jinsi, Mzee Flana. Mtu angekuja mtaani kwetu kwa mara ya kwanza asingemjua yeyote. Sisi tulimjua kila mmoja kwenye mstari wa kwanza.

Bwana Kaki, kwa mfano, ni mwenye nyumba anayopanga Mama Pindo. Kila anapokuja kupimwa suruali huvuta tumbo ndani na kuacha kupumua. Mama Pindo alikuwa ameandika: "Humpima mara mbili. Mara ya kwanza kwa heshima. Mara ya pili namwuliza ataliziba lini paa linalovuja juu ya cherehani yangu, hapo hupumua kwa nguvu, nami huandika kipimo cha kweli." Bibi Hariri alishonewa gauni la kumuaga mfanyakazi mwenzake, akaleta na kilebo cha nchi za nje kilichokatwa kwenye nguo nyingine, akaomba kishonwe ndani ya ukosi. Kijana Jinsi, dereva, alileta kitambaa kimoja kikubwa kikatwe magauni mawili ya wanawake wa vipimo tofauti, na akasisitiza kwamba yasimalizike siku moja. Mama Pindo hakumhukumu. Aliandika tu kwamba mtu anaweza kudanganya umri na mshahara, lakini hawezi kudanganya kiuno.

Niliendelea kupiga chapa. Ilipofika saa ya kufunga sikufunga. Sikumwambia mtu yeyote, na yeye sikumwambia, kwa sababu mwandishi mpya ukimsifu anakuongezea sura. Lakini kitabu kilikuwa kizuri. Kilikuwa kinauma na kupuliza, na kila mtu ndani yake alikuwa amesimama kwa miguu yake.

Sura ya mwisho ilikuwa ya dada yake.

Dada yake tunamjua wote. Alikuwa mwalimu mkuu, na ingawa amestaafu bado tunamwita Mwalimu Mkuu na bado tunazima sigara akipita. Kwenye shughuli yoyote ya familia au ya mtaa, akipewa nafasi ya kusema, husimulia walivyolelewa kwa shida, na katikati husema, "Mdogo wangu yeye hakupenda shule. Alipenda sindano." Watu hucheka. Mama Pindo naye hucheka, akiinama kutafuta kitu kwenye mkoba wake.

Sura yenyewe ilikuwa fupi kuliko zote. Ilisema kwamba walikuwa wawili, na sare zao zilikuwa za kitambaa kimoja. Mwaka ambao dada alikuwa darasa la mtihani, mwili wake ulikua ghafla, sare ikambana mabegani na ubavuni, na shule ilishatangaza kuwa asiyekuwa na sare inayofaa asije. Nyumbani hapakuwa na namna ya kupata sare mpya. Mama yao alimwita mdogo jikoni akamwambia, "Mmoja atamaliza, mwingine atasubiri kidogo." Dada akiwa kwenye masomo ya ziada, mdogo alikaa sakafuni na wembe, akaifumua sare yake mwenyewe, mshono mmoja baada ya mwingine, polepole asije akakikata kitambaa, akaichana vipande na kuvitia kwenye mbavu za sare ya dada. Hiyo ndiyo nguo ya kwanza aliyoshona maishani. "Ilikaa vizuri," aliandika. "Dada alirudi akaivaa, akaenda shule. Dada hakujua."

Niliisoma, nikaenda kunawa mikono ingawa haikuwa na wino. Nilihuzunika, na sioni kwa nini nilifiche hilo.

Alipokuja kuuliza maendeleo nilimwambia kurasa zimepangwa. Nikamtolea nakala ya majaribio, ile tunayompa kila mwandishi aende nayo nyumbani asome kwa utulivu, atie alama palipokosewa, kisha atie saini ndipo mashine iwashwe. Nikamweleza vizuri sana. Nikasema, "Hii ni mara ya mwisho. Angalia kila mahali. Ukitia saini, hakuna kurudi nyuma."

"Kama kupima kabla ya kushona mshono wa mwisho," akasema.

"Hasa," nikasema.

Kosa nililiona baadaye. Fundi wa nguo ukimwambia apime, anajua kitu kimoja tu cha kufanya.

Alikwenda kwa Bwana Kaki na sura ya Bwana Kaki, akamsomea. Bwana Kaki alisikiliza mpaka mwisho, akasema inabana. Akaomba sehemu ya tumbo ilegezwe na sehemu ya paa iondolewe. Mama Pindo akatoa penseli sikioni, akalegeza. Akaenda kwa Bibi Hariri. Bibi Hariri alisema kwamba sura ni nzuri, ila kilebo kilikuja na gauni, na gauni lilikuja na ndege. Akaenda kwa Kijana Jinsi, akamkuta anaosha gari. Kijana Jinsi alisema kitambaa kilikuwa kimoja, gauni lilikuwa moja, na lilikuwa la mama yake mzazi. Mtaa mzima ulipata habari kwamba Mama Pindo anapima watu kwa kitabu, na waliokuwa hawajafikiwa wakaanza kuja wenyewe barazani, wakapanga foleni kwenye benchi la wateja.

Mimi niliona foleni kutoka dirishani, nikafurahi kwamba ana kazi nyingi.

Aliporudisha kurasa nilidhani ameleta za mtu mwingine. Sura ya Bwana Kaki ilikuwa imebaki kusema kwamba ni mtu mwembamba mwenye paa zima. Sura ya Bibi Hariri ilikuwa aya moja kuhusu usafiri wa anga, na fundi hayumo kabisa. Mwandishi alikuwa amejitoa kwenye kitabu chake mwenyewe ili mteja asiudhike. Kijana Jinsi alikuwa mtoto mwema anayempenda mama yake, na pale ambapo palikuwa na mwanamke wa pili palikuwa na usia wa kuendesha kwa uangalifu.

"Mama," nikasema, "nilikupa usahihishe herufi."

"Nimesahihisha."

"Umekwenda kuwapima watu."

"Kwangu nguo haitoki haijapimwa. Hata ya maiti nilipima."

"Hii si nguo."

"Mwenye mwili ndiye anayejua panapobana, fundi. Mimi nikishona najua nilivyoshona, lakini sijui anavyojisikia aliye ndani. Ndiyo maana kila mshono naacha akiba, akinenepa nimwachie."

"Anayekivaa kitabu si aliyeandikwa," nikasema. Nilikuwa nimeshapandisha sauti. "Ni msomaji. Aliyeandikwa ni kitambaa. Umewahi kumwuliza kitambaa panapobana?"

Alichomeka penseli sikioni. Kisha akasema, "Msomaji simjui."

"Ndiyo."

"Sasa nitampimaje mtu nisiyemjua?"

Nilikasirika zaidi, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Nikapekua kurasa zile mpaka mwisho. Sura ya dada yake ilikuwa kama nilivyoipanga, haijaguswa na penseli.

"Hii hujampelekea mwenyewe?"

Akakaa kwenye kiti kile kigumu. Mama Pindo si mtu wa kukaa. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza namwona amekaa bila cherehani mbele yake.

"Naiogopa," akasema. "Nikuambie ukweli. Hawa wengine wote niliwaandika njiani. Kitabu nimekiandika ili niandike hiyo. Sitaki kumshitaki dada yangu, wala sitaki aombe radhi, ameshakuwa mtu mzima na pumzi yenyewe inamsumbua. Nataka tu iandikwe mara moja kwamba nilipenda shule. Iwe mahali ambapo mtu hawezi kusimama akasema vingine na watu wakacheka."

"Basi usimpelekee."

"Nimewapima wote nimruke dada yangu? Atasikia. Na nikimpelekea, fundi, mkono wangu huu haujawahi kumkatalia mteja. Akisema toa, nitatoa. Najijua."

Nikamwambia tuwashe mashine kabla hajasikia. Ulikuwa ushauri mbaya na nilijua ni mbaya, maana kitabu cha Bwana Kaki mwembamba hakikustahili karatasi, lakini nilitaka ile sura moja iwahi kupona. Yeye akasema atafikiri mpaka kesho.

Kesho yake hakuwahi. Katika mtaa ambao kila mtu amepimwa na mmoja hajapimwa, huyo mmoja huambiwa mapema. Mama Pindo alikuwa amesimama mezani kwangu, bado anafikiri, Mwalimu Mkuu alipoingia akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Kijana," akaniambia, mimi mwenye mvi kumzidi, "nimesikia mimi peke yangu ndiye sina kipimo."

Mimi nikaanza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa.

"Niko ndani au siko?"

"Uko, dada."

"Kwa kitambaa gani?"

"Sare."

Mwalimu Mkuu akavuta kiti akakaa, akavaa miwani, akanyoosha mkono. Kurasa zilikuwa mezani. Mama Pindo angeweza kukataa. Angeweza kusema hazijawa tayari, na mimi ningemsaidia kudanganya kwa moyo mmoja. Alizichukua akazinyoosha kwanza kwa kiganja, kama anavyonyoosha nguo ya mteja, akampa.

Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kama walimu wasomavyo kazi ya mtoto wanayeshuku amenakili. Alimaliza, akarudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akafungua mkoba akatoa kalamu nyekundu. Amestaafu lakini kalamu nyekundu bado anatembea nayo. Nilimwangalia Mama Pindo. Penseli ilikuwa tayari mkononi mwake.

"Sema, dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ile anayowasemesha wateja wote. "Nitoe wapi?"

"Hapa mwisho. Umeandika kwamba sikujua."

"Ndiyo."

"Si kweli."

Mama Pindo alimtazama bila kuelewa. Hata mimi sikuelewa, nilidhani anabishia kitu kingine.

"Sare yako ilikuwa na doa la wino," Mwalimu Mkuu akasema. "Pembeni, chini ya mfuko. Unalikumbuka? Mimi ndiye niliyekumwagia, tukigombania kalamu. Siku ile nimerudi nikaivaa sare yangu imekaa vizuri, nikainua mkono kujifunga kamba ya kiunoni, nikaliona doa lako ubavuni kwangu." Akavua miwani. "Nilijua kabla sijafunga kamba. Mama alikuwa amesimama mlangoni ananiangalia. Sikumwuliza kitu. Asubuhi nikabana mkono juu ya doa nikaenda shule. Nilibana mkono mwaka mzima. Mtihani wenyewe niliufanya nimebana mkono."

Nje mtu alikuwa anajaribu kengele ya umeme dukani, akaibonyeza, ikalia, akaibonyeza tena.

"Mimi miaka yote niliamini hukujua," Mama Pindo akasema. "Kila nikikasirika najiambia, hakujua. Ndiyo ilikuwa inaniwezesha kucheka ukisema yale maneno yako."

"Najua. Na mimi nilikuwa nasema yale maneno ili nisije nikaulizwa."

Akakata neno lile kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake kwa mwandiko wa ubaoni: Alijua. Akausukuma ukurasa mezani.

Katika mtaa mzima, wote walikuwa wameomba kulegezewa. Huyu ndiye peke yake aliyeomba abanwe, na aliyepaswa kubana hakutaka. Mama Pindo aliutazama ukurasa ule, akaiweka penseli mezani, akatoka. Alivuka barabara bila kuangalia gari, akapita barazani kwake bila kusimama, akaingia ndani na kufunga mlango.

Mwalimu Mkuu akabaki kwenye kiti. Akaniomba maji. Nilimpa kwenye kikombe changu, chenye wino ukingoni, akanywa bila kukitazama. Mtu akistaafu ukuu wa shule hubaki na sauti, lakini siku hiyo hata sauti hakuwa nayo. Aliondoka akishikilia ukuta.

Baraza la Mama Pindo likakaa limefungwa. Wateja walikuja, wakagonga, wakaondoka na vitambaa vyao. Bwana Kaki alikuja kwangu kuuliza kitabu kinatoka lini, maana alikuwa ameshawaambia watu kuwa kuna sura inayomhusu. Nikamwambia mwandishi hajatia saini. Akaniuliza kwa nini nisichape tu, na mimi nikamwambia kwa ukali zaidi kuliko alivyostahili kwamba kazi ya mtu haichapwi mpaka mwenyewe aseme basi. Mwalimu Mkuu nilimwona mara moja, amesimama ng'ambo mbele ya mlango ule uliofungwa. Hakugonga. Alisimama kidogo akaenda zake. Nilitamani kutoka nikamgongee mimi, lakini ni mambo ya ndugu, na ndugu wakigombana chukua jembe ukalime.

Nilianza kuamini kwamba kitabu kimekufa. Nimeona vitabu vingi vikifa, vingine kwa faida ya watu wote, na sijawahi kukosa usingizi. Hiki kilinikosesha raha. Nilikuwa nikikaa kwenye kompyuta kupanga kadi za harusi, najikuta nimefungua ile sura, naangalia mstari wa mwisho, nikijiuliza kama niandike hakujua au alijua. Niliacha nafasi wazi.

Mama Pindo akaja asubuhi moja, mashine ya kukatia ikiwa inafanya kazi, kwa hiyo sikumsikia akiingia. Alikuwa amepungua. Alikaa mwenyewe kwenye kiti bila kukaribishwa.

"Nirudishie ya kwanza," akasema. "Wote, kama nilivyowaandika mwanzo."

"Na tumbo la Bwana Kaki?"

"Na tumbo. Akinifukuza nyumba nitahamishia cherehani hapa kwako." Akafikiri. "Ila Mzee Flana mwache kama alivyosema. Niliandika ni bahili, anapunguzisha mashati makuukuu badala ya kununua. Kumbe ni mashati ya marehemu baba yake. Huyo sikumpima vizuri mimi mwenyewe."

Nikaandika pembeni. Nikamwuliza, nikijifanya naangalia kalamu, kuhusu ile ya mwisho.

"Nipe ukurasa."

Nikampa. Neno jekundu lilikuwa pale pale. Alilitazama muda mrefu, na mimi nikaamini kwamba atalikata, na sikuwa na haki ya kumlaumu kama angelikata. Aliniomba kalamu yangu ya wino. Akainamisha kichwa karibu na karatasi kama anayetunga uzi kwenye sindano, akaandika mstari mmoja chini ya neno la dada yake. Kisha akatia saini, jina lake kamili, ambalo nilikuwa nalisoma kwa mara ya kwanza.

"Tumngoje dada yako aione kwanza?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Atanunua kama wengine."

Alivuka barabara, akafungua mlango wa baraza, nikamsikia akiivuta cherehani sakafuni. Ndipo nikauchukua ukurasa nikasoma. Chini ya neno jekundu alikuwa ameandika: "Na mimi ningekuwa yeye, ningeivaa."